Sponji ni ya Ndani

Nimeisikiliza video mliyonitumia. Nimeisikiliza yote, mtoto mmoja ananyonya, mwingine ananivuta sketi, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba bwana harusi wenu anaongea kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Bubububu, "mke wangu", bubububu, "mbele ya Mungu", bubu. Halafu chini yake mmeandika: "Dada, ile app ya kuondoa upepo inaitwaje?"

Haiitwi chochote. Zipo zinazopunguza, lakini zikiondoka na upepo zinaondoka na nusu ya koo la mtu, anabaki anaongea kama yuko ndani ya pipa. Nimetazama picha vizuri nikaona tatizo lenu. Mko uwanja wa shule Nshamba, kule juu ambako upepo unavua watu kofia, na kwenye maiki mmevalisha sponji. Sponji! Mimi nilidhani nikiacha hii kazi, ujinga huo nao utastaafu.

Maana mimi ni mstaafu, msicheke. Sina hata mvi. Nimemaliza kidato cha nne, nikashika fimbo ya maiki kwenye harusi, sendofu na misiba ya Bukoba na Muleba kwa miaka saba, na sasa niko nyumbani Rwamishenye nakosha nepi. Nilistaafu kwa hasira, na hasira yenyewe bado ni mbichi. Mtaielewa mkinisoma mpaka mwisho. Lakini kwanza upepo.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja tunayemwita Ta Byabato, fundi wa sauti aliyechoka kazi ya redio akafungua kibanda cha kutengeneza spika. Siku ya kwanza aliniambia, "Fumba macho." Nikafumba. Akanipulizia sikioni, phuuu, nikaruka. Akasema, "Umesikia nini?"

"Nimesikia unanitania, mzee."

"Umesikia upepo unagonga sikio. Haukuwa na sauti mpaka ulipokugusa. Sasa ukitaka usikusumbue, utauambia ukae kimya, au utauzuia usikuguse?"

Hilo ndilo somo lote, watoto. Mengine ni kulishonea nguo. Mngurumo ule hauko hewani. Unatengenezwa palepale kwenye maiki, upepo unapoipiga. Kwa hiyo unachotafuta ni kuizungushia maiki hewa iliyotulia. Sponji inakaa imeibana maiki kama soksi ya shule, hewa iliyotulia ndani yake haitoshi hata kumpoza mbu. Inafaa ukiwa chumbani, ukiipeleka fimbo huku na huko, au mtu akipumua karibu. Sponji ni ya ndani. Iandikeni ukutani.

Nje unahitaji vitu viwili. Kimoja ni kikapu, kile kitu kama mgomba mdogo uliolala, maiki inaning'inia katikati bila kugusa kuta. Cha pili ni manyoya ya kuvalisha juu yake, marefu na laini. Unywele mmojammoja unapokea upepo na kuuvunja nguvu kidogokidogo, kama umati wa kwenye gulio unavyomchelewesha mtu mwenye haraka. Upepo ukifika kwenye kikapu umeshachoka. Ukikosa kikapu, manyoya yenyewe yanayovalishwa moja kwa moja juu ya sponji yatakusaidia kwa upepo wa kawaida. Kwa upepo wa Nshamba yatakusaidia nusu, nusu nyingine usogee karibu na anayeongea.

Bosi wangu tumwite Muta, kwa sababu nikimwita ninavyomwita moyoni Padre atanikatalia komunyo. Muta alinunua kamera ya maana, taa za maana, na koti la kuonekana nalo. Maiki alinunua ndefu, hiyo shotgani, ya mtutu kama wa bunduki, kwa sababu inaonekana vizuri pichani. Nilipomwambia tununue kikapu na manyoya akasema, "Wageni hawaangalii upepo." Kweli hawauangalii. Wanausikiliza.

Siku moja tukiwa ufukweni mjini, ziwa limechafuka, akaja na maarifa yake. Akachukua selotepu akaizungusha maiki kuanzia kichwani mpaka mkiani, "ili upepo usipate pa kuingilia." Sasa tazameni hiyo maiki ya mtutu ubavuni. Ina mipasuo. Mipasuo hiyo ndiyo inayoifanya isikilize mbele na kupuuza pembeni. Ukiiziba kwa selotepu, kwa nailoni au kwa kiganja chako cha jasho, umeigeuza kuwa bomba la maji. Tulirudi na sauti ya mshereheshaji inatoka kama ya mtu aliyemezwa na samaki. Muta akasema mshereheshaji alikuwa na mafua.

Na msidhani manyoya ni ya kuvalisha na kusahau. Yachaneni. Ndiyo, kwa kitana, kama nywele za bibi harusi. Yakishikana yakawa mabonge, upepo unapita katikati. Yakilowa mvua, na huku kwetu mvua haipigi hodi, yanakaa kama paka aliyetolewa kisimani na sauti inakuwa nzito, ya chini ya blanketi. Yakung'uteni kwanza. Na msimu wa senene, angalieni! Kuna mmoja alitua kwenye manyoya wakati wa hotuba, nikasikia kwenye hedifoni kishindo kama mtu anahamisha kabati. Kabla sijashusha fimbo, mama mmoja alishanyoosha mkono, akamchomoa, akamng'oa mabawa, akamtia kwenye kipochi chake. Hotuba ikaendelea.

Jambo jingine ambalo hakuna manyoya yatakayowasaidia: migomba. Majani makavu ya mgomba yakisuguana ile ni sauti halisi, maiki inaisikia kwa haki yake. Mtu anaukimbia upepo wa uwanjani, anaenda kujificha kibanjani, katikati ya migomba, halafu analalamika video ina sauti ya watu wanakunja magazeti. Mkitaka kinga, tafuteni ukuta wa nyumba. Mpeni upepo mgongo wenu, maiki iwe upande wa kifua. Na kile kitufe cha kukata besi kiwasheni, lakini kisiwalevye. Kinapunguza mngurumo mdogo. Sauti ikishapasuka imepasuka.

Haya. Manyoya yangu niliyapataje? Muta alikataa kununua, kwa hiyo nikatazama nyumbani. Mwanangu wa kwanza, Alinda, nilimnunulia koti la mtumba la watu wa baridi, kofia yake imezungukwa na manyoya marefu ya kijivu. Bukoba kuna baridi, lakini si ya manyoya. Mtoto alikuwa anatoka jasho ndani ya koti lile kama ndizi inayofukizwa. Nikachukua mkasi, nikakata kofia, nikaishona kama mfuko. Kitambaa cha ndani nilikipulizia kwanza: pumzi yangu ikipita kwa shida kidogo, kinafaa, isipopita kabisa, kinaziba sauti. Ndani nikaweka kikapu alichonisukia Ta Byabato kwa wavu wa plastiki na mipira ya kuning'iniza maiki. Muta alipokiona akasema, "Mama Alinda, hicho kipaka chako utakishika mwenyewe." Nikasema sawa. Jina likabaki. Kipaka.

Sasa twendeni Izigo, kwa sababu huko ndiko nilikostaafia, ingawa siku yenyewe sikujua.

Ilikuwa siku ya kumuaga binti anayeitwa Asimwe. Mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Ma Kokushubila. Bibi huyo alikuwa ameanguka akavunjika nyonga, yuko kitandani chumba cha nyuma, dirisha linatazama kibanja. Nje, upande wa pili wa nyumba, ndiko mkeka ulikotandikwa. Katika ukoo ule binti anapoondoka, baba yake anampakata mbele ya wakwe kama mtoto mchanga na kumsemea maneno ya kumtoa. Maneno hayo husemwa mara moja. Hayarudiwi. Ukiyarudia ni kama ulikuwa unajaribu.

Asubuhi Asimwe alinivuta mkono mpaka chumbani kwa bibi. Ndugu waliopendekeza bibi abebwe na kitanda chake mpaka uani walikuwa wanatoka, vichwa chini.

"Mimi si mkungu wa ndizi nibebwe nje kuonyeshwa wakwe," bibi alikuwa anasema. Akanigeukia. "Iwe kaisiki, we binti, wewe ndiye mwenye chombo cha kukamata maneno?"

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Nataka maneno atakayosema mwanangu. Yote. Nisikie kwa masikio yangu. Nilikuwa na binti mkubwa, dada yake huyo mwanangu. Marehemu mume wangu alipompakata alimwambia, 'Mlango huu usahau.' Na mtoto akawa mtiifu. Akausahau. Alipigwa miaka yote hiyo, na mlango aliousahau ni wa kwetu tu. Alirudi ndani ya sanduku." Akamshika Asimwe kifundo cha mkono. "Huyu haondoki hapa kabla sijamshika kichwa kumbariki. Na simshiki kabla sijasikia."

Asimwe akanitazama. Nje upepo wa ziwa ulikuwa tayari unapindua viti vya plastiki.

Nilimweleza Muta. Akasema, "Bibi atasikia kwenye video kama wengine." Nikamwambia asipoyasikia leo hakuna bibi harusi, na bila bibi harusi hakuna video. Akasema basi nifanye ninavyojua, mradi kipaka kisionekane kwenye picha.

Nikamnyonyesha kwanza Alinda ashibe asije akahutubia, nikamfunga mgongoni, nikachana manyoya, nikatoka na fimbo. Wanaosema mwanamke mwenye mtoto hawezi kushika fimbo waje nimfunge mtoto migongoni mwao tuone nani ataangusha nini.

Nilipoinyoosha tu juu ya mkeka kujaribu, vichwa vyote uani vikainuka.

"Yesu na Maria! Mnyama gani huyo?"

"Ni paka, au ni fungo?"

"Amekufa au amelala?"

Baba wa Asimwe, Ta Ishengoma, mtu mrefu, mpole, sauti yake ndogo kama anaazima, akasimama. "Mama, samahani. Ngozi ya mnyama haisimami juu ya kichwa cha mwanangu siku ninayomtoa. Sijui imetoka wapi wala imetumwa na nani."

Wakwe wakaanza kunong'onezana. Muta akanikimbilia, "Vua, vua, weka sponji!" Nikamwambia, "Toka." Nikashusha fimbo, nikakivua kile kipaka, nikakigeuza ndani nje waone uzi wangu mbaya. "Tata, hii ni kofia ya koti la mtoto. La mtumba. Nimeikata mwenyewe."

Hakuna aliyeniamini. Ndipo Alinda, aliyekuwa hajui kusema zaidi ya maneno ya tumboni kwake, akanyoosha mkono juu ya bega langu na kulia kwa uchungu, "Fia! Fia angu!" Nikampachika kichwani. Akanyamaza. Akawa kama mzee mdogo wa Ulaya aliyeibiwa ndevu.

Uani wakacheka mpaka Ta Ishengoma akakaa chini. Shangazi yake Asimwe, mwanamke mnene mwenye dhihaka, akaja na kibakuli cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni kabla ya kuulizwa habari. Akanipa mimi, akampa Alinda punje aichezee, halafu akachukua punje moja akaipachika kwenye manyoya. "Na huyu naye ni mgeni wetu. Karibu, bwana Paka. Usikilize vizuri, usipeleke maneno kwa majirani."

Nilipokirudisha kipaka kwenye maiki, ile punje niliitoa kimyakimya. Ingegongagonga kwenye kikapu.

Upepo ulikuja kwa mafungu. Nilisimama ubavuni mwa nyumba, mgongo wangu na wa Alinda ukiukata, fimbo nimeishusha mpaka karibu na vichwa vyao, juu kidogo tu ya picha ya Muta. Manyoya yalikuwa yanalala na kuamka kama nyasi. Kwenye hedifoni: pumzi ya mzee. Kitambaa cha nguo ya Asimwe. Basi. Kama tuko chumbani.

Ta Ishengoma akampakata binti yake, mtu mzima, miguu inafika mbali. Akasema kwa sauti ya mbele za watu: "Asimwe, mwanangu. Leo nakutoa. Nenda ukaheshimu nyumba ya watu. Huko ndiko kwako." Wakwe wakapiga makofi. Vigelegele. Mimi moyoni nikasema, tumekwisha, bibi hatamshika mtu kichwa.

Vigelegele vilipotulia alikuwa bado amemkumbatia. Akainamisha mdomo sikioni mwa binti. Pale uani hakuna aliyesikia, hata Muta aliyekuwa na kamera usoni mwao. Nilisikia mimi, na kipaka.

Nikaenda chumba cha nyuma na kinasa sauti. Asimwe yuko nyuma yangu na nguo zake zote. Nikamvalisha bibi hedifoni juu ya kilemba. Akasikiliza maneno ya kwanza, uso ukafunga kama duka. Akaanza kuzivua.

"Bado, waitu. Ngoja vigelegele vipite."

Akangoja. Nilijua ni wapi amefika kwa kumtazama, kwa sababu nilikuwa nimeyashika kichwani: "Kitanda chako sikitoi. Akikunyanyulia mkono usingoje kupambazuke, njoo hata bila viatu. Mimi si baba yangu."

Bibi akazibana hedifoni masikioni kwa viganja. Kisha akasema, "Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena, iwe kaisiki, mbona una haraka, unakimbizwa?"

Alipotosheka akavua hedifoni, akanyoosha mkono, Asimwe akapiga magoti. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu anayepima boga. "Nenda," akasema. "Umesikia alichosema. Na mimi nimesikia alichosema. Sasa ana mashahidi." Ndivyo harusi ile ilivyokuwepo.

Mngedhani Muta alifurahi. Baada ya wiki kadhaa tuko ofisini Rwamishenye tunahariri, akaja kaka wa bwana harusi, ndiye aliyekuwa ameagiza video. Akasikia mnong'ono ule. Akaomba arudishiwe. Akasema familia yao imetukanwa, kwamba wao si watu wa kunyanyua mikono, na maneno yale yaondolewe. Niliona ajabu jinsi mtu asiye na kidonda anavyoruka akiona spiriti.

Alipoondoka Muta akaniambia, "Tukikata, mdomo wa mzee unaonekana unasogea. Weka upepo."

"Niweke nini?"

"Upepo, juu ya pale. Tunao wa kutosha kwenye kompyuta. Ule wa Nshamba wa mwaka ule wa sponji."

Watoto, nimewahi kuambiwa mengi. Niliambiwa nishike fimbo nikiwa na mimba inayotangulia mlangoni kabla yangu. Niliambiwa nisinyonyeshe karibu na kamera kwa sababu kamera ni ya gharama. Yote nilimeza. Lakini kuambiwa niuchukue upepo nilioupiga vita miaka saba, niumwage kwa mkono wangu juu ya sentensi ambayo bibi kizee aliizuia harusi kuisubiri, hapana. Nikasema hapana. Akasema basi ataweka mwenyewe, na akaweka, vibaya. Unasikika unaanza ghafla kama jenereta. Nikachukua kinasa, nikaituma ile sauti safi kwenye simu ya Asimwe, Muta akitazama, halafu nikaanza kuvua kipaka kwenye maiki.

"Acha maiki yangu!"

"Maiki ni yako. Manyoya ni ya mwanangu."

Nikaondoka. Ndiyo sherehe yangu ya kustaafu, haikuwa na keki.

Kwa hiyo mkiniuliza mnunue nini, nawajibu: kama ni ndani, sponji. Kama ni uani penye kuta, manyoya juu ya sponji. Kama ni Nshamba, ufukweni, au popote ambapo mtu atasema jambo lisilorudiwa, kikapu na manyoya, na mkono usiotetemeka. Msinunue kwa kuangalia upepo peke yake. Angalieni na anayeongea.

Asimwe alinipigia juzi kunijulia hali. Nikamuuliza, nyumba inaendaje? Akasema inaenda. Akasema mumewe si mbaya, ila kuna siku anaanza kupandisha sauti. Siku hiyo yeye hajibu. Anakaa kitandani, anavaa hedifoni, anafumba macho. Mume anakuja kusimama mlangoni, anauliza unasikiliza nini wewe.

"Namwambia nasikiliza video ya harusi yetu," akasema Asimwe. "Anasema, mbona ile ina upepo tu. Namwambia, ya kwako."